Seva imeongezewa RAM hadi GB 64, mbona bado inagusa swapu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nasimamia seva ya mfumo wa kujifunzia wa chuo chetu: Moodle, hifadhidata ya MariaDB na PHP-FPM inayoendesha msimbo wa PHP, juu ya Ubuntu 22.04. Ilikuwa na RAM ya GB 8 na patisheni ya swapu ya GB 8. Juzi tumeiongezea RAM ikafika GB 64. Nilitegemea swapu isiguswe tena, lakini wiki mbili baada ya kuiwasha naona GB 2.3 za swapu zimetumika, na RAM iliyo wazi ni GB 1.1 tu. Mwenzangu mmoja anasema kanuni ni swapu iwe mara mbili ya RAM, kwa hiyo tutenge GB 128. Mwingine anasema tuizime kabisa, RAM inatosha. Bosi naye anauliza kama RAM tuliyouziwa ni mbovu. Tumsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, katika yote uliyoandika sioni dalili ya RAM mbovu. Swapu ya GB 8, yaani ile sehemu ya diski inayopokea data inayotolewa kwenye RAM, iacheni ilivyo: msiipandishe hadi 128, wala msiizime. Kazi iliyobaki iko kwingine, kwenye mipangilio ya MariaDB na PHP, ambayo sitashangaa kama bado inadhani inaishi ndani ya seva ya GB 8.

Tuanze na matokeo ya `free -h` uliyonitumia:

```
        total    used    free   shared  buff/cache  available
Mem:     62Gi    19Gi   1.1Gi    412Mi        42Gi       41Gi
Swap:   8.0Gi   2.3Gi   5.7Gi
```

Jicho la karibu kila mtu hukimbilia safu ya `free`, likaona 1.1, na roho ikashtuka. Safu hiyo ipuuze. Linux haipendi RAM ikae bila kazi, hivyo kila faili linalosomwa au kuandikwa huachwa kwenye kashe ili likihitajika tena lisichukuliwe diskini. Hizo ndizo GB 42 za `buff/cache`. Programu ikiomba nafasi, sehemu kubwa ya kashe hiyo hutupwa papo hapo bila hasara yoyote, maana nakala yake iko diskini. Safu ya kusoma ni `available`, na yako inasema GB 41. Seva haina njaa ya RAM hata kidogo.

Na kabla bosi hajauliza ziko wapi GB 2 nyingine, mweleze kwamba kerneli, yaani kiini cha Linux, hugawa RAM katika kurasa za KB 4 na kwa kila ukurasa huweka rekodi ndogo ya baiti 64. RAM ya GB 64 ina kurasa zaidi ya milioni 16, kwa hiyo daftari hilo peke yake linakula GB 1 kamili. Baki huchukuliwa na kerneli yenyewe na firimwea ya mashine. Kama bado ana wasiwasi, `sudo dmidecode -t memory` itamwonyesha kila kipande cha RAM, kiko kwenye nafasi gani na kina ukubwa gani. Ikiwa RAM zenu ni za ECC (aina inayogundua na kusahihisha makosa yake), pitieni pia `journalctl -k | grep -i edac`. RAM inayoanza kuharibika huacha alama zake pale. Ubovu wa RAM huonekana kwa makosa ya data, programu kuanguka ovyo na mashine kuganda. Kutumika kwa swapu si mojawapo ya dalili zake.

Sasa swapu yenyewe. Watu wengi wanaifikiria kama RAM ya akiba, yaani ile ya kwanza ikijaa ndipo ya pili inaanza. Kama ingekuwa hivyo, wewe ungekuwa na haki ya kushangaa. Lakini kerneli haifanyi kazi hivyo.

Kilichomo ndani ya RAM ni cha aina mbili. Kuna kurasa zenye faili nyuma yake: msimbo wa programu, maktaba zake, kashe ya faili. Hizi kerneli ikitaka kuziondoa, inazitupa tu, au kama zimebadilishwa inaziandika kwanza kwenye faili lake. Halafu kuna kurasa ambazo hazina faili lolote: data ambayo programu imeitengeneza yenyewe ikiwa inaendelea kufanya kazi, mfano vigezo vya PHP, bafa za MariaDB, orodha ya virusi ambayo ClamAV, programu ya kukagua virusi, imeipakia. Hizi hazina pa kwenda. Swapu ndiyo anwani yake pekee nje ya RAM. Bila swapu, ukurasa wa namna hiyo unabaki ndani ya RAM mpaka programu iuachie au ife, hata kama haujaguswa tangu siku ile seva ilipowashwa.

Na kurasa zisizoguswa ni nyingi kuliko unavyodhani. Chukua `clamd`, huduma ya ClamAV. Inapakia alama za kutambulia virusi zinazozidi GB 1, na kama chuo chenu hupokea mafaili machache kwa siku, sehemu kubwa ya mzigo huo inakaa tu. Programu nyingine hupakia mipangilio yake wakati wa kuwaka na haziirudii tena. Michakato ya PHP-FPM iliyozaliwa wakati wa mitihani hubaki imelala. Kerneli inaona kwamba kurasa hizi hazijaguswa siku nyingi, na upande wa pili inaona faili za Moodle zinazosomwa kila dakika zikitafuta nafasi kwenye kashe. Inafanya hesabu: heri kuhamisha hizi zilizolala, nafasi wapewe wanaofanya kazi. Ndiyo maana swapu inaguswa hata pale ambapo hakuna shida ya RAM.

Kwa seva kama yako ningeanza kushuku usiku. Bila shaka una bakapu inayoendeshwa na cron (kiendesha kazi za ratiba), `mysqldump` na `rsync` ya folda ya moodledata. Kazi hiyo inasoma mamia ya GB kwa mkupuo mmoja, na kila kinachosomwa kinabisha hodi kwenye kashe. Kerneli hujitahidi kutupa kwanza faili zilizosomwa mara moja tu, lakini chini ya shinikizo la saa kadhaa mfululizo kurasa zilizolala nazo zinaanza kusogezwa nje. Asubuhi bakapu imekwisha, na zile GB 2.3 ziko palepale. Hazirudi zenyewe. Kerneli hairudishi ukurasa kutoka kwenye swapu kwa sababu tu RAM imepatikana. Inasubiri mpaka programu iuhitaji. Kama haujahitajika kwa wiki mbili, basi utakaa huko wiki mbili. Ukitaka kuthibitisha, andika matokeo ya `free` saa moja kabla ya bakapu na saa moja baada yake kwa siku chache.

Kuna jambo jingine linaloongeza namba hiyo bila sababu. Ukurasa ukirudishwa RAM na usibadilishwe, kerneli mara nyingi huacha nakala yake kwenye swapu, ili ukitakiwa kutoka tena usiandikwe upya. Nafasi ile inaendelea kuhesabiwa kama imetumika. Angalia mstari wa `SwapCached` ndani ya `/proc/meminfo`. Kiasi hicho kiko sehemu zote mbili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kiasi cha swapu kilichotumika ni namba dhaifu sana ya kupimia afya ya seva. Mzigo uliomo stoo haukuambii kama biashara ina matatizo. Watazame wapagazi, kama wanapishana mlangoni mchana kutwa. Amri ya kuwatazama ni hii:

```
vmstat 1
```

Iache ikimbie dakika chache wakati wanafunzi wako mtandaoni. Safu mbili ndizo muhimu: `si`, kinachorudi kutoka swapu kwenda RAM, na `so`, kinachotoka RAM kwenda swapu. Mstari wa kwanza kabisa uruke, kwa kuwa ni wastani tangu seva ilipowashwa na hauhusu sasa hivi. Ukiona sifuri zimejipanga, au namba ndogo inachomoza mara moja kisha inapotea, basi funga dirisha ukanywe chai. Kinachotisha ni `si` na `so` zote mbili kuwa juu kwa pamoja na kudumu, huku `wa`, muda ambao prosesa inasubiri diski, nayo ikipanda. Hapo kurasa zinatolewa na kurudishwa palepale, seva inatumia muda wake kuhamisha data badala ya kuhudumia watu, na wanafunzi wataanza kukupigia simu kabla hujamaliza kusoma namba.

Ubuntu 22.04 inakupa kipimo kizuri zaidi, ambacho naona mafundi wengi bado hawakitumii. Tangu kerneli 4.20 ya mwaka 2018 kuna faili la `/proc/pressure/memory`. Lisome kwa `cat`. Linaeleza asilimia ya muda ambao michakato imekwama ikisubiri RAM, kwa wastani wa sekunde 10, 60 na 300. Mstari wa `some` maana yake angalau mchakato mmoja ulikwama. `Full` maana yake yote iliyokuwa na kazi ilikwama. Kama `avg300` ni 0.00 au karibu na hapo, mjadala wa RAM umekwisha, hata swapu iwe imejaa pomoni.

Ukitaka kujua ni nani hasa amehamishiwa huko:

```
grep VmSwap /proc/[0-9]*/status | sort -k2 -nr | head
```

Inakuorodheshea michakato kumi ya juu na kiasi chake kwa kB. Namba iliyo kwenye njia ya faili ni namba ya mchakato, `ps -p` itakupa jina. Ukikuta `clamd`, `snapd`, `fwupd` na watoto wa PHP waliolala, mambo ni ya kawaida. Ukikuta `mariadbd` ina GB 2 huko, hilo linataka kuangaliwa, na nitalirudia.

Tuje kwa mwenzako wa GB 128. Hakuizua kanuni hiyo kichwani, ina historia. Kwenye baadhi ya Unix za zamani kila ukurasa wa programu ulilazimika kutengewa nafasi kwenye swapu tangu mwanzo, hata kama hautakwenda huko kamwe. Swapu ikiwa ndogo kuliko RAM, sehemu ya RAM haikuweza kutumika. Kisha matoleo ya kwanza ya kerneli 2.4 ya Linux, mwaka 2001, yalikuwa na tabia ya kuendelea kushikilia nafasi ya swapu kwa kurasa zilizokwisha kurudi RAM, na ushauri wa wakati ule ukawa ama uweke swapu mara mbili ya RAM au usiweke kabisa. Tabia hiyo ilirekebishwa, ila ushauri ukabaki kwenye vitabu vya vyuo na midomoni mwa walimu. Tena ulikuwa ushauri wa mashine zenye RAM ya MB 128.

Leo mwongozo wa Red Hat unasema hivi: RAM isiyozidi GB 2, swapu mara mbili yake, zaidi ya GB 2 hadi 8, swapu sawa na RAM, kuanzia hapo kupanda juu, angalau GB 4 na uangalie kazi ya seva. Ona kwamba kwa mashine yenu ya zamani ya GB 8, swapu ya GB 8 ilikuwa sahihi kabisa, na kwa mashine mpya bado inatosha na kuzidi. Wanaotaka kuilaza kompyuta usingizi mzito wa kuhifadhi RAM nzima diskini wana hesabu kubwa zaidi, lakini hiyo ni habari ya kompyuta za mapajani. Programu chache zina masharti yake: kisakinishi cha Oracle Database, kwa mfano, hudai swapu sawa na RAM kwa mashine ya GB 2 hadi 16, na GB 16 kwa mashine kubwa kuliko hapo. Moodle na MariaDB hazina sharti la namna hiyo.

Na fikiria maana halisi ya GB 128 za swapu kwenye diski yenu. Siku programu moja itakapoanza kuvuja na kumeza RAM bila kikomo, itakuwa na uwanja wa GB 128 wa kuchezea. Seva haitaanguka; itaburuzika saa nzima ikiandika diskini, SSH ya kuingilia kwa mbali haitaitikia, nawe utakuwa umesimama mbele ya mashine na kidole juu ya swichi. Swapu ndogo hujaa haraka, kerneli inaua mchakato mkosaji, huduma inarudi. Kwa seva ya huduma mimi nachagua kufa haraka kuliko kuburuzika.

Huyo wa kuzima kabisa naye ana hoja, ila anadhani akizima swapu amezima pia ule mwendo wa kwenda na kurudi diskini. Hajauzima. RAM ikibana bila swapu, kerneli haina ruhusa ya kugusa kurasa zisizo na faili, hivyo itakula zenye faili peke yake, na miongoni mwake umo msimbo wa programu zinazoendelea kufanya kazi. Itautupa msimbo wa MariaDB, sekunde hiyohiyo MariaDB itauhitaji, utasomwa tena diskini, utatupwa tena. `vmstat` itaonyesha `si` na `so` sifuri tupu, huku `bi`, kinachosomwa kutoka diskini, ikiruka juu na seva ikiganda vilevile. Nimeona mafundi wakihangaika na seva ya aina hiyo wakiapa kwamba tatizo haliwezi kuwa RAM kwa sababu swapu imezimwa.

Kuna hatari nyingine kwa wenye hifadhidata ya PostgreSQL, hasa waliofuata ushauri wa kuweka `vm.overcommit_memory=2`. Katika hali hiyo kerneli huweka ukomo wa RAM inayoweza kuahidiwa programu zote, na ukomo huo ni swapu yote jumlisha asilimia 50 ya RAM, usipobadilisha. Kwa mashine kama yako ni 8 jumlisha 31, yaani GB 39. Ukizima swapu unashuka hadi 31, na programu zinaanza kunyimwa RAM ilhali nusu ya mashine iko tupu. Mstari wa `CommitLimit` kwenye `/proc/meminfo` unaonyesha ukomo, `Committed_AS` unaonyesha kilichoahidiwa. Kama haujagusa mpangilio huo, hilo halikuhusu.

Zipo sehemu ambako kuzima swapu ni sawa. Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena kwenye seva nyingi, kwa miaka mingi ilikataa kuwaka kwenye mashine yenye swapu, na Elasticsearch, injini ya kutafuta data, inashauri izimwe au programu ifungiwe ndani ya RAM, kwa sababu zinataka jibu la haraka lisiloyumba na zina mashine nyingine za kupokea kazi pale moja inapokufa. Chuo chenye seva moja hakina anasa hiyo.

Kati ya kuzima na kuacha kuna `vm.swappiness`. Hapa naomba uniazime sikio, maana maelezo yanayozunguka kuhusu namba hii mengi ni ya kupotosha. Utaambiwa kwamba ukiweka 10, swapu itaanza kutumika RAM ikifika asilimia 90. Si kweli. Haina uhusiano na RAM imejaa kiasi gani. Ni mizani ambayo kerneli huitumia ikishaamua kwamba inahitaji nafasi: ni ghali kiasi gani kupeleka ukurasa kwenye swapu, ukilinganisha na kutupa ukurasa wa faili na kuja kuusoma tena? Kwa 100 gharama zinachukuliwa kuwa sawa. Kwa 60, ambayo ndiyo ya kawaida, kerneli tayari inaamini swapu ni ghali zaidi. Tangu kerneli 5.8 namba inaweza kufika 200, na namba za juu ya 100 zinawafaa wenye swapu iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe kwa zram, ambayo ni nyepesi kuliko diski. Ukiweka 0, kerneli haitagusa swapu mpaka kurasa huru na za faili zikaribie kwisha kabisa. Kwa seva ya hifadhidata sipendi 0, kwa kuwa inakupeleka hadi ukingoni kabla ya kufanya lolote.

Kwenu ningeweka 10, hasa kama `mariadbd` imeonekana kwenye ile orodha:

```
echo 'vm.swappiness=10' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-swapu.conf
sudo sysctl --system
```

Hairudishi kilichokwisha kwenda. Inabadilisha maamuzi kuanzia sasa.

Sasa kazi yenyewe ya baada ya kuongeza RAM. Kerneli iligundua GB 64 siku ileile, ndiyo maana kashe imenenepa. Programu hazijui. Ukubwa wa bafa ya InnoDB, injini ya kuhifadhi data ndani ya MariaDB, `innodb_buffer_pool_size`, usipowekwa na mtu ni MB 128. Labda aliyeisimika seva aliweka GB 2 au 3 kulingana na RAM ya wakati ule. Angalia:

```
SHOW VARIABLES LIKE 'innodb_buffer_pool_size';
SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Innodb_buffer_pool_read%';
```

Ya pili ina mistari ya `read_requests`, maombi yote, na `reads`, yale yaliyolazimika kwenda diskini. Kama `reads` inapanda kwa kasi mchana wa kazi, bafa ni ndogo. Tazama hifadhidata nzima ina ukubwa gani. Kama ni GB 15, hakuna faida ya kuipa bafa ya GB 40. Ushauri wa asilimia 80 ya RAM utakaousoma huko na huko ni wa seva inayohifadhi data peke yake. Yako ina PHP ndani, basi anza na GB 20 na upime.

Kisha `pm.max_children` ya PHP-FPM, yaani ukomo wa michakato yake, au watoto wake. Hii huwa ndiyo inayofanya Moodle ikatae wanafunzi siku ya jaribio la mtandaoni, na watu wakalaumu RAM. Pima mchakato mmoja wa PHP unashika kiasi gani kwenye seva yako. Tuseme MB 80: watoto 200 watataka GB 16. Bafa ya GB 20, PHP ya GB 16, mfumo wenyewe na ClamAV GB 4, jumla 40. Zinabaki GB 20 na ushei za kashe ya faili, na hapo umejipanga vizuri. Ukitoka hapo ukaamua kuwapa watoto 600, umetumia RAM yote kwenye karatasi, na swapu itakuja kukudai kweli.

Kama mna kontena (programu zilizofungiwa kwenye mazingira yake zenyewe), vikomo vyake navyo havikupanda. Kontena lililofungiwa GB 2 litaendelea kugonga ukuta wa GB 2 ndani ya mashine ya 64, na litatumia swapu mashine ikiwa tupu. Seva yenye prosesa mbili ina yake pia: endesha `numactl --hardware` uone kama RAM imegawanywa sawa kati ya prosesa zote mbili. Fundi akichomeka vipande vyote upande mmoja, upande wenye RAM kidogo unaweza kubanwa na kutoa kurasa nje huku mwingine una nafasi.

Na hili moja huwapiga watu chenga. Kerneli huruhusu data iliyoandikwa lakini haijafika diskini ikae RAM hadi asilimia 20 ya RAM inayopatikana, ndipo iwasimamishe wanaoandika. Katika mashine ya GB 8 hiyo ilikuwa kama GB 1. Kwenu sasa ni zaidi ya GB 8. Kama diski zenu ni za kuzunguka na zinaandika MB 150 kwa sekunde, kuzimwaga kunachukua karibu dakika nzima, na kwa dakika hiyo kila kitu kinachosubiri diski kinaganda. Watu huongeza RAM, seva ikaanza kukwama kila usiku wakati wa bakapu, wakaona swapu imetumika, wakailaumu. Weka ukomo kwa baiti badala ya asilimia, kwenye faili lilelile la 99-swapu.conf:

```
vm.dirty_background_bytes=268435456
vm.dirty_bytes=1073741824
```

Hiyo ni MB 256 kuanza kuandika polepole na GB 1 kuwasimamisha waandishi. Kwa diski za NVMe huna haja ya kuhangaika.

Ikiwa zile GB 2.3 bado zinamkera bosi kila akiona ripoti, unaweza kuzirudisha RAM: `sudo swapoff -a && sudo swapon -a`. Fanya usiku ambapo hakuna bakapu, na uhakikishe `available` ni kubwa kuliko swapu iliyotumika. Kwako ni 41 dhidi ya 2.3, hakuna shaka. Amri ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa bila kuonyesha chochote. Iache, imo kazini. Usiiweke kwenye cron, kama nilivyoona baadhi wakifanya. Kerneli itazihamisha tena kesho na utakuwa umechosha diski bure.

Mkiamua siku moja kuipunguza patisheni ya swapu hadi GB 4, kumbukeni kwamba `mkswap` huipa UUID (namba ya utambulisho) mpya. Ile ya zamani itakuwa bado imeandikwa kwenye `/etc/fstab`, na kama lipo, kwenye `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`. Rekebisha zote mbili, kisha `sudo update-initramfs -u`, ndipo uwashe upya. Usipofanya hivyo seva itakaa sekunde 90 wakati wa kuwaka ikisubiri patisheni ambayo haipo, na mtu ataanza tena kuuliza kuhusu RAM.